Sifa za Makalio

Kuna kiungo gani kingine kinacholipa madeni ya wenzake bila kunung'unika? Ulimi umtukane mwalimu, mkono uchume embe la jirani, miguu itoroke shule. Hukumu ikishatolewa, yanayoitwa mbele ni makalio. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na sijasikia ulimi ukienda kuyapa pole kwa miaka yote ya nyuma. Hata mbu akiuma kisigino na homa ikapanda kichwani, sindano ilijua pa kwenda.

Na huko hakukuwa salama. Chini ya msuli mkubwa kuliko yote mwilini imelala neva ya siatiki, nene kuliko neva zote, upana wake hapo ukikaribia sentimita 2. Ndiyo maana muuguzi aliyefunzwa huligawa kalio robo nne kwa macho, akachoma ile ya juu upande wa nje. Asiyefunzwa huchoma popote paliponona. Hapa mzaha unanikaukia: sindano za kwinini zilizokosea njia zimewaacha watoto, Uganda na kwingineko, wakiburuta wayo maisha yao yote.

Turudi kwenye sifa. Ukitembea tambarare, msuli huo mkubwa karibu usinzie. Kimbia, panda ngazi au inuka mkekani, ndipo bwana mkubwa anaamka. Kazi ya kila hatua anaifanya mdogo wake, msuli wa kati ulio ubavuni mwa nyonga, anayezuia kiuno kisizame upande wa mguu ulioinuliwa. Akidhoofika, mtu hupepesuka kila hatua, jambo alilolieleza daktari Mjerumani, Friedrich Trendelenburg, mwaka 1895. Mtaani wangesema ni maringo.

Fundi cherehani na dereva wa lori wanayajua makalio zaidi. Kutwa nzima wamekalia mifupa miwili yenye vifuko vya ute, na vifuko hivyo vikivimba, hata kiti cha sofa huwa adhabu. Lakini shahidi wangu mkuu ni yule mheshimiwa mwenye pochi nene mfuko wa nyuma, imejaa risiti kuliko noti, anayeikalia siku nzima hadi ikaiminya neva. Maumivu yakishuka mguuni analaumu mgongo, anapigwa picha ya uti wa mgongo, anatoa pochi, analipa, anairudisha pale pale.