Skuta ya Pwani katika Baridi ya Karagwe

Ni dhahiri kwamba aliyeiunda skuta yangu hakupata kuiwazia Karagwe. Ilizoea joto la Tanga, ikahamishiwa Kayanga, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ambako alfajiri za Juni na Julai ukungu hutanda migombani na hata mcha Mungu huyaendea maji ya udhu kwa kusitasita. Na tangu hapo, kila asubuhi niliyokuwa na haraka ya kwenda Nkwenda, yenyewe ilikuwa na azma ya kubaki Kayanga.

Mgonjwa wa chuma, katika nchi hii, hakosi tabibu. Mzee jirani yangu, aliyeipokea shikamoo yangu bila ya kuiondolea skuta macho, alihukumu: “Mwalimu, vuta choki, petroli ya baridi haiwaki upesi.” Kijana wa bodaboda akapinga kwa adabu zote: “Shikamoo, mwalimu. Rudisha choki, imeshajaa mafuta hiyo.” Wakabishana hata chai yangu ikapoa, nami nikaendelea kupiga kiki, huku nikimkumbuka Grant, msafiri aliyefika pamoja na Speke kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, akazuiliwa Karagwe miezi kadhaa kwa maradhi ya mguu, maana wangu nao ulikwisha anza kudai mapumziko kama hayo.

Wakaja wengine, wenye nguvu kuliko hoja, wakaisukuma mteremkoni. Ihsani hiyo ilikuwa ya bure, kwani skuta ya mkanda haina gia ya kutia, na klachi yake haishiki mpaka injini iwe imekwisha kuwaka. Tulichofuzu ni kuipeleka mbali na nyumbani.

Ikapakiwa gutani hadi kwa fundi, Omurushaka, naye ndiye aliyetoa fatwa. Aliifungua plagi, akaikuta imelowa na nyeusi tititi. Akasema mzee na kijana wote wana haki. Baridi hutaka petroli izidi, kwa kuwa haigeuki mvuke kwa wepesi. Lakini kimo hutaka ipungue, kwa kuwa hewa ya juu ni hafifu, na kabureta iliyopimiwa pwani huku humimina kupita kiasi. Basi choki ivutwe kitambo kidogo tu, irudishwe. Na injini ikijaa mafuta, plagi ikaushwe, mkono wa mafuta ufunguliwe wote, ndipo ipigwe kiki.

Akatia jeti ndogo zaidi, ikawaka. Wewe unayekusudia kupanda na skuta ya pwani, mpitie fundi kabla ya Juni. Na wakija wasukumaji, itikia salamu zao, ukatae msaada wao.