Mkenya Asiyejua Kukimbia

Huku Uingereza kila Mkenya hubebeshwa mzigo ambao hakuufunga mwenyewe: watu wanaamini anajua kukimbia. Bwana mmoja wa Kisauni, Mombasa, anayeishi kusini-magharibi mwa London, amejieleza kazini hadi amechoka. Wanaokimbia ni watu wa Iten na Eldoret, kule kwenye baridi na milima. Mombasa, mchana wa Februari, mtu hukimbilia kivuli tu, na hata hicho hukiendea taratibu. Wenzake walicheka, wakadhani ni unyenyekevu wa bingwa. Jumamosi wakampitia na gari.

Ndivyo alivyojikuta Bushy Park asubuhi ya baridi, kaptula ikimpepea kama bendera, kati ya watu zaidi ya elfu moja na kulungu wasio na habari na mtu.

Bustani hiyo ndiko mbio za parkrun zilikozaliwa, tarehe 2 Oktoba 2004. Mwanzilishi wake, Paul Sinton-Hewitt, alikuwa ameumia na hawezi kukimbia. Alichotaka ni kisingizio cha kuendelea kuonana na marafiki. Walikuja wakimbiaji 13. Yeye akashika saa, na waliomaliza wakapewa washa za chuma, zile ambazo mafundi hutia chini ya nati, zikiwa zimegongwa namba. Siku hizi watu hukimbia kilomita 5 kila Jumamosi katika nchi nyingi, bila kiingilio, na wanaosimamia ni watu wa kujitolea. Mtu hujisajili mara moja tu, akapewa msimbopau wake, mistari kama ile ya pakiti ya biskuti. Ukiusahau nyumbani, umekimbia kwa afya yako, jina halitoki.

Na jina ndilo lililomponza. Matokeo huwekwa kwenye intaneti, na intaneti inafika Kisauni. Kabla hajakauka jasho vizuri, shemeji yake akapiga simu: "Watu 900 wamekupita! Kwani ulikuwa umebeba gunia?"

Hofu ya kushika mkia, angalau, haikuwa na msingi. Kila wiki yupo mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya wote na kumaliza wa mwisho. Bwana wetu alizoeana naye upesi kuliko alivyopenda.

Kilichombadilisha ni bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, mwenye kofia ya manjano, ambaye kila Jumamosi alimtangulia kwa hatua thelathini hivi. Wale vijana wa mbele hawakumsumbua hata kidogo. Wakishapotea machoni, ni kama hawapo. Lakini kofia ile! Sayansi ilishaliona jambo hilo: katika miaka ya 1920 mwanasaikolojia Mjerumani, Otto Köhler, aliwapa wanachama wa klabu ya kupiga makasia ya Berlin vyuma vya kunyanyua, kwanza mmoja mmoja, kisha wawili wawili kwenye chuma kimoja. Akaona kwamba aliye dhaifu huvumilia zaidi akiwa na mwenziwe, hasa pale mwenziwe anapomzidi kwa kiasi: wakilingana, au wakiachana mno, ile nguvu ya ziada hupungua. Bibi wa kofia hajawahi kumsikia Köhler, wala hakujua kwamba kuna Mkenya aliyekuwa akimfukuza tangu Machi.

Hatimaye bwana wetu alimpita. Bibi akampigia makofi, na raha yote ikaisha.

Ikabidi atafute adha nyingine, na wenzake walikuwa nayo tayari: kukimbia katika bustani zenye majina ya kuanzia A hadi Z. X imesamehewa, maana haipatikani. Alijitetea kwamba hata Q si herufi ya Kiswahili, wakampeleka vivyo hivyo Queen Elizabeth, huko Hampshire, kwenye kilima ambacho alikipanda akiwataja wazee wake mmoja mmoja.

Sasa imebaki Z, nayo Uingereza haimo. Iliyo karibu ni Zuiderpark, mjini The Hague, Uholanzi, na pasipoti ya Kenya haivuki huko bila viza. Jumapili alikaa na fomu mezani. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kazi, vyote alijaza. Chai ilipoa akiwa bado kwenye mstari wa madhumuni ya safari.