Namna ya Kutweka Tanga Dodoma

Tuanze na upepo, maana hapo Dodoma haina mpinzani. Kusi ikishika Julai na Agosti, vumbi la Mtumba linaingia hadi ndani ya chai, na mwenye bati legelege analala akisikiliza. Nahodha wa Bagamoyo angelia kwa wivu.

Maji ndiyo yana utata kidogo. Mji uko kama mita 1,100 juu ya bahari, mvua ni ya miezi michache, na mito mingi kiangazi ni mchanga mtupu. Usikate tamaa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa 1973, ukaelea hadi 2016 serikali ilipoanza kufunga mizigo kwa kweli. Zaidi ya miaka 40 juu juu, bila tone! Ukiona lazima ulowe, kuna bwawa la Hombolo. Mtera nako maji ni tele, ila viboko hawapishi mtu.

Ngalawa usiagize. Vaa suti, ning'iniza kitambulisho shingoni, bana bahasha ya kaki kwapani. Msimu mzuri ni Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, vyumba vya wageni vinapopanda bei na kila mkahawa una mtu anayenong'ona.

Upepo wa tezi hauna somo: legeza demani, chombo kinakwenda chenyewe. Kazi ni upepo wa omo. Pwani, nahodha hubisha: anakipeleka chombo upande huu, anageuza tanga, anarudi upande ule, mpaka anafika alikotaka. Ndani ya kikao cha Dodoma usibishe hata kidogo. Geuza tanga tu, na uligeuze kabla mwenyekiti hajamaliza sentensi. Safu ya mbele itakuonyesha saa ya makofi.

Mwisho, kitambaa. Mtepe, kile chombo cha kale cha Lamu kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, kilikwenda kwa tanga la mkeka. Hapa hadi leo hakuna kinachosukuma watu kama mkeka. Ukitua kwenye simu usiku, usome wote, mpaka kwa makatibu tawala wa wilaya. Jina lako limo? Futa picha ulizopiga na bosi aliyetumbuliwa. Halimo? Wapongeze wote, mmoja mmoja, kabla hakujakucha.