Sifa za Mgeni wa Naivasha

Wengi wamemsifu simba, na farasi, na tausi mwenye mapambo. Mimi, kwa idhini ya wasomaji, nataka kumpa taadhima yake kamba wa maji baridi, yule mwekundu mwenye magando, ambaye nasaba yake yatoka mabwawa ya Louisiana huko Marekani, na ambaye mwaka 1970 alitiwa katika ziwa Naivasha kwa nia njema ya kuwapatia wavuvi biashara na samaki chakula. Afrika bara haikuwa na wa kabila lake hata mmoja. Bukini peke yake ndiyo iliyojaaliwa.

Watu wa kwetu husema mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Huyu hakungoja kupewa: alishika kazi mwenyewe, akachimba kingo za ziwa, akapata mashimo ya kujisitiri maji yapungukapo. Humo ndimo mama hujifungia na mamia ya mayai yaliyogandamana chini ya mkia mfano wa kichala cha zabibu, akiyapepea bila kuchoka. Na wana wakiisha kuanguliwa humng'ang'ania palepale, wasimwache mpaka wamejivua magamba mara mbili.

Na kwa iktisadi, nani kama yeye? Gamba likimbana hamwiti mshonaji: huchukua chokaa ya lile vazi, akaiweka akiba tumboni iwe vijiwe viwili, kisha hulivua, na hilo kuukuu aghalabu hulila.

Hushitakiwa kwamba ameyamaliza mayungiyungi. Hasha! Ua hilo halijapata mpenzi wa kweli kama yeye, ambaye majani yakiisha naye hupungua, na yakirudi hurudi. Ama perege waliwao wangali wavuni, mvuvi ainuapo wavu alfajiri akakuta kichwa na miiba, na mla nyama amezongwa na nyuzi pembeni, asighadhibike: amekwisha kuparuliwa samaki wake bila ujira. Wataalamu wa Kenya waliwahi pia kumtia mabwawani ale konokono wa kichocho, nao wakapungua. Lakini hilo, kwa kuwa ni faida ya kweli, halifai sana katika sifa hizi.

Linipendezalo zaidi ni adabu yake. Ukimkaribia huinua magando yote mawili, akakutazama kitambo. Kisha, kama waziri atokaye barazani kwa Sultani, hupiga mkia akaondoka kinyumenyume, asikupe mgongo, mpaka tope limemfunika.