Ombi la Kubatizwa kwa Barabara

Kwa Serikali ya Jamhuri ya Kenya, popote itakapokuwa imeketi Jumapili hii.

KUH: BARABARA ISIYO NA DHEHEBU

Mkazi wa Suna, Kaunti ya Migori, anaiandikia Serikali kwa heshima na taadhima. Angependa kuileta barua hii ofisini, ila kila akienda siku ya kazi hukuta koti limening'inizwa kwenye kiti na mwenye koti katoka kidogo. Kwa upande mwingine, Serikali hupatikana bila kukosa Jumamosi kwa Waadventista na Jumapili kwa wengineo, safu ya mbele, mkono wa kulia wa madhabahu.

Shughuli yenyewe inajulikana kuanzia Isebania hadi Mbita. Magari makubwa huwasili ibada ikiwa katikati, vumbi likitangulia. Wazee wa kanisa huwainua akina mama waliokuja mapema ili viti vivalishwe vitambaa vyeupe. Watoto waliofanya mazoezi ya wimbo mwezi mzima huombwa waimbe ubeti mmoja. Mahubiri hufupishwa. Mwakilishi wadi anamkaribisha mbunge, mbunge anamkaribisha mwakilishi wa kike, naye anamkaribisha seneta, hadi afikiwe mkubwa wa siku, ambaye husema "Bwana asifiwe", hukiri kwamba yeye si mhubiri, kisha huhubiri. Katikati ya aya mbili za Biblia ndipo habari za kiserikali hudondoka: basari ziko tayari na fomu zitabaki kwa mchungaji, stima itafika sokoni, na barabara hii iliyomtesa njiani itawekwa lami. Bahasha hutolewa, makofi hupigwa, vumbi hurudi lilikotoka.

Aliyekuwa kwingine hakusikia. Mwislamu mwenye duka mjini Migori hakusikia. Mama wa kanisa la Roho hakusikia, wala waumini wa Legio Maria waliokuwa safarini kwenda Got Kwer alikozikwa mwanzilishi wao Simeo Ondeto mwaka 1991, wala yule jirani asiyeamini chochote, anayelipa ushuru sawa na mashemasi. Habari za fomu zinapowafikia, muda wa kuzirudisha umekwisha.

Mkazi hana ugomvi na Mungu. Anajua Katiba ya 2010 inamtaja Mwenyezi Mungu katika utangulizi na kwamba Wimbo wa Taifa wenyewe ni sala, na husimama wima ukiimbwa. Ila akifungua kurasa chache mbele hukuta Ibara ya 8, inayosema kwa sentensi moja kwamba nchi hii haina dini ya taifa. Labda ni fupi mno. Msafara ukienda kasi hauwezi kuiona.

Pia kuna hesabu zinazomshinda. Julai 2024, vijana wakiwa bado barabarani wakiandamana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali hawatashiriki tena harambee. Novemba mwaka huohuo alikuwa katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, akitoa shilingi milioni 2 za nyumba ya padri na 600,000 za kwaya na watoto, na kuahidi milioni 3 nyingine pamoja na basi. Jimbo Kuu la Nairobi lilisema pesa zirudishwe. Huku Nyanza Kusini watu walitikisa vichwa kwa kujivuna kidogo, maana Askofu Mkuu Philip Anyolo aliyezikataa ndiye aliyekuwa askofu wao wa Homa Bay toka 2003 hadi 2018. Machi 2025 kanisa jingine, Roysambu, likapewa na Rais milioni 20, na vijana waliokwenda kuuliza wakapewa vitoa machozi.

Kisha Julai 2025 ikajulikana kwamba kanisa la watu 8,000 linajengwa ndani ya Ikulu, gharama ikikadiriwa kuwa shilingi bilioni 1.2. Rais akajibu kwamba hatamwomba mtu radhi, kwamba pesa ni zake mwenyewe, na kwamba alikuta hapo kanisa la mabati lisiloifaa Ikulu. Agosti Mahakama Kuu ikatoa amri ya muda ya kusimamisha ujenzi. Mkazi wa Suna, ambaye husali chini ya mabati na hajawahi kuambiwa kuwa hayafai, alikaa akatafakari, na katika kutafakari huko ndipo lilipozaliwa ombi lake kuu.

Anaomba barabara ya kijijini kwao ibatizwe.

Ameona kwamba katika nchi hii lami hufuata wokovu: barabara inayofika kanisani hutajwa mimbarini, na ile inayoishia kwenye zahanati hubaki na matope yake. Basi barabara iingizwe kundini. Kama Waadventista wataichukua, wanaotaka muumini azamishwe mwili mzima, kazi ni nyepesi, kwa kuwa kila masika barabara hiyo huzama yenyewe kuanzia daraja hadi shule ya msingi. Wakatoliki wakiitaka, hata kunyunyiziwa imekwisha kunyunyiziwa. Lori la maji lilitumwa kuzima vumbi siku aliyopita mgeni mashuhuri, na halijaonekana tena. Legio Maria wataivika kanzu, na changarawe nyeupe itatosha. Kuhusu wasimamizi wa ubatizo, mkazi anampendekeza mwanakandarasi aliyelipwa malipo ya awali akatoweka. Mtu wa aina hiyo anahitaji kurudi kanisani kuliko barabara yenyewe. Mafundisho ya dini yasiwe marefu. Barabara hii imeshajifunza uvumilivu, na toba ameifanya kila mwendesha bodaboda aliyeangukia hapo na mama mjamzito nyuma yake. Baada ya kipaimara ipewe jina la mtakatifu, iwekwe katika maombi ya kila juma, na greda litakapokuja, ikiwa litakuja, lipokewe kwa matawi.

Maombi mengine ni madogo. Sadaka za waheshimiwa zitolewe risiti ya eTIMS, kama muuza mchele anavyodaiwa. Dirisha moja la Huduma Centre lihamishiwe karibu na kinanda. Na kwa kuwa Februari 14, 2023 Serikali iliongoza maombi ya mvua uwanjani Nyayo, na kabla ya mwaka kwisha mafuriko yalikuwa yamebeba nyumba za watu, wakati ujao itaje kiasi inachotaka, au kwanza izibue mitaro.

Mkazi anakumbusha pia kwamba watu wa huku hawakuletewa imani na Serikali. Arthur Carscallen alipoanzisha misheni ya Waadventista kule Gendia mwaka 1906, alikuja kama mmisionari tu, bila basari za kugawa. Serikali ya wakoloni ilipojiingiza katika dini za Nyanza Kusini ilikuwa ni kuwakamata wafuasi wa dini ya Mumbo na kuwapeleka uhamishoni Lamu. Siku hizi Serikali ndiyo inayosafiri.

Na pesa hizo ni za nani? Basari ile ni kodi ya mama huyohuyo aliyeinuliwa kitini. Imekatwa kwenye sabuni yake, kwenye mafuta ya taa yake, ikapanda Nairobi, ikarudi ndani ya bahasha, naye anaambiwa apige makofi na ashukuru. Mtoto wake yuko nyumbani kwa ajili ya karo. Kumwibia mtu ni jambo moja. Kumwibia, kisha kumshika mkono na kumwambia afumbe macho tuombe, hilo hata wezi wa ng'ombe mpakani hawajalifikia.

Mkazi anaomba radhi kwa kupandisha sauti. Anaendelea kuiombea Serikali afya njema, safari salama na matairi yasiyopasuka.

Jibu, likipatikana, litumwe kwa posta, 40400 Suna-Migori, likiwa na muhuri na tarehe ya siku ya kazi. Lisisomwe kanisani baina ya matangazo ya ndoa na mnada wa kuku, kwa maana baadhi ya wahusika watakuwa msikitini, wengine Got Kwer, na mwenye barua mwenyewe atakuwa barabarani akisukuma pikipiki.