Gesi Imehamia, Mkaa Haujatoka Kichwani

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zimeachana na mkaa lakini hazijaachana na tabia zake. Mtungi wa kilo 6 umeshakaa jikoni, rangi inang'aa, ila anayepika ni yule yule aliyekulia kwenye jiko la udongo, mafuta ya taa na kipepeo cha ukindu. Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Mkakati unahesabu majiko. Mikono inayoyawasha hayo majiko ni habari nyingine, na huko ndiko viliko vituko.

Chukua suala la kuwasha. Mkaa una subira. Unaumwagia mafuta ya taa, unakwenda kutafuta kiberiti, unakutana na jirani mlangoni, mnajuliana hali hadi ya wajukuu, unarudi na mkaa bado unakungoja. Sasa mpe mtu huyo gesi. Mama mwenye nyumba yuko Tanga msibani, dada wa kazi yuko uani anafua, na baba anataka chai. Anazungusha swichi ya jiko kwanza, kama alivyokuwa akimwaga mafuta ya taa kwanza. Jiko linaanza kutoa ule mluzi wake mwembamba.

"Dada, kiberiti kiko wapi?"

"Kiko juu ya friji, baba."

Juu ya friji kuna risiti za umeme, betri zilizokufa, funguo za makufuli ambayo hakuna anayeyakumbuka, na kila kitu kingine isipokuwa kiberiti. Kinapatikana mwishowe kwenye mfuko wa shati lake mwenyewe. Njiti inapigwa, *bup*, na vinyweleo vya mkono vinatoweka pamoja na nusu ya nyusi. Kesho yake kazini atasema kinyozi alikuwa na haraka. Utaratibu wa gesi ni kinyume cha ule aliolelewa nao: njiti iwake kwanza, ndipo swichi ifunguliwe. Na ikiwa gesi imeshatoka bila kuwaka, jiko lifungwe, mlango ufunguliwe, chai isubiri.

Gesi ya mitungini ni propani na butani, zilizoshindiliwa hadi zikawa kimiminika. Zikitoka huwa nzito kuliko hewa, propani kiasi cha mara moja na nusu, butani mara mbili. Kwa hiyo hazipandi kwenda dirishani. Zinatambaa sakafuni, zinatuama chini ya kabati, zinajipenyeza chini ya mlango na kwenye tundu la maji machafu. Zikifika asilimia 2 hivi ya hewa, cheche moja inatosha. Katika jiko dogo la mita 3 kwa 3, robo tu ya mtungi wa kilo 6 ikivuja inapita kiwango hicho. Aliyezoea moshi atafungua kidirisha cha juu na kuridhika, kwa sababu moshi ndivyo ulivyokuwa ukitoka. Mwingine, anayejiona mjuzi zaidi, huwasha feni aipeperushe hiyo gesi. Cheche yenyewe imo ndani ya swichi ya feni.

Tena gesi hizi hazina harufu. Ule uvundo wa mayai viza hutiwa kwa makusudi, kemikali ya jamii ya mekaptani, ili pua ishtuke kabla ya kitu kingine kushtuka. Majumbani umepewa tafsiri yake. "Inanuka kwa sababu inaisha," husema shangazi bila kuinua macho kwenye mchele anaochagua. Cha kuudhi ni kwamba hajakosea sana. Mekaptani hukawia kugeuka mvuke kuliko propani, hivyo mtungi ukikaribia kuisha harufu inaweza kukolea kweli. Lakini sentensi hiyo hiyo husemwa hata kwa mtungi ulioletwa na bodaboda asubuhi ile, bado una karatasi yake ya muhuri. Pua nayo huchoka haraka na kuizoea harufu iliyomo ndani, ndiyo maana kipimo bora cha nyumba nyingi ni mgeni. Kabla hajakaa ameshauliza, "Mbona pananuka gesi?" Wenyeji wanatazamana. Hakuna aliyesikia kitu.

Hapo huitwa kijana wa mtaani anayejua mambo. Huja na njiti ya kiberiti, akaipitisha taratibu kandokando ya mpira wa gesi, kutafuta panapovuja. Ni kweli atapapata. Povu la sabuni ya kuoshea vyombo hufanya kazi hiyo hiyo bila ushujaa: unalipaka kwenye valvu, kwenye regyuleta na kwenye maungio ya mpira, na mapovu yakianza kuvimba pumzi inatokea hapo. Mara nyingi kosa ni kimpira kidogo cha ndani kilichokauka, au klipu iliyolegea. Panya naye ana mchango wake. Mpira wa gesi uliopita nyuma ya kabati, ukarukiwa na mchuzi mara kwa mara, kwake ni chakula.

Mtungi unapoisha ndipo mkaa unaporudi kichwani kwa nguvu. Gunia la mkaa likiisha hukung'utwa, na chini kabisa hupatikana chenga za kuchemshia maji ya kuoga. Basi na mtungi hutikiswa, huinamishwa, hulazwa ubavu, hukalishwa kwenye beseni la maji ya moto. Ukilazwa, kinachokimbilia kwenye valvu si mvuke tena bali kile kimiminika, na tone lake moja hutanuka mara 250 hivi likigeuka gesi. Moto uliokuwa unasinzia unaruka hadi kwenye pazia, na wali uliokuwa unasubiri dakika tano unasahauliwa. Anayetaka kujua kilichobaki apeleke mtungi kwenye mzani na kutoa uzito wa mtungi mtupu, ambao huandikwa kwenye bati lake. Asiye na mzani amwagie ubavuni kikombe cha maji ya moto, kisha apapase: palipo na gesi ya maji hubaki baridi.

Maharage nayo yameteseka. Kwenye mkaa yaliachwa usiku, moto ukafifia wenyewe, asubuhi yakawa yameiva na jiko limejaa majivu. Gesi haifahamu kufifia. Saa nane usiku nyumba nzima inaamshwa na harufu, sufuria imegeuka nyeusi ndani na nje, na kila mtu anadhani mwenzake ndiye aliyeambiwa azime. Bahati mbaya zaidi ni maji ya maharage kufurika na kuuzima moto huku swichi ikiwa wazi, gesi ikaendelea kutoka kimya kimya. Hata yakifurika mchana, yanaziba vitundu vya jiko, moto unaacha ubuluu na kuwa wa njano, masufuria yanapata masizi, na lawama zinamwangukia muuza gesi. Sindano na mswaki wa zamani humtakasa muuza gesi huyo kwa dakika chache.

Kwenye kikaango cha samaki mzaha unaisha. Mafuta yakishika moto, mkono wa kila mtu huenda kwenye ndoo. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke papo hapo, na kurusha mafuta yanayowaka hadi darini. Kinachotakiwa ni kuzima jiko, kufunika kikaango kwa mfuniko na kukiacha hapo hapo kipoe, si kukikimbiza uani kikiwa kinawaka. Ukishindwa, toka na upige 114, namba ya Zimamoto Tanzania.

Mkaa wenyewe, unaosifiwa na wazee kuwa haulipuki, una hesabu yake pembeni. Makete na Njombe, kwenye baridi ya Juni na Julai, jiko la mkaa huingizwa chumbani na mlango ukafungwa. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na hakuna kiwanda kinachoitia uvundo. Watu hulala nayo wakidhani ni joto tu, na wengine hawaamki.

Kisha inafika Idi. Wali unataka kupaliwa moto, makaa juu ya mfuniko na makaa chini, na mtungi hauna jibu la sehemu ya juu. Mjomba anapendekeza jiko lipinduliwe. Shangazi hamjibu, anamtuma kijana kwa jirani kuazima makaa mawili matatu, na kumkumbusha kwamba jiko la udongo lipo uani, chini ya ndoo, na huko huko uani ndiko litakakowashwa.