Heko kwa Maili za Ndege

Wapo wanaosifu dhahabu, wapo wanaosifu ng'ombe, na huku kwetu Mbinga kahawa imesifiwa hadi imevimba kichwa. Mimi leo namsifu mnyonge asiye na mtetezi: maili za ndege, zile pointi ambazo shirika humwandikia abiria mwaminifu kila anaporuka, ili siku moja, Mungu akipenda na kiti kikipatikana, arushwe bure.

Utukufu wake wa kwanza ni kwamba haziazimiki. Mwenye gunia la maharage hana siri; shemeji atalinusa tangu Kigonsera. Mwenye maili 14,000 hulala fofofo. Mjomba akija na shida ya ada, mfungulie simu, mwonyeshe tarakimu zote na umsomee masharti. Ataondoka mwenyewe, tena akikuonea huruma. Na zinajua kufa kwa adabu. Zile za Skywards, mpango wa shirika la Emirates, huishi miaka 3, kisha huaga mwishoni mwa mwezi uliozaliwa. Ndugu zako wangapi wanaukumbuka mwezi huo?

American Airlines ilipoanzisha mpango wake wa AAdvantage, Mei 1, 1981, abiria alipewa maili kwa umbali aliokwenda. Hiyo ingekuwa haki kwa watu wa huku, maana umbali ndio tulio nao. Lakini basi la kutoka Dar es Salaam, linalopita Makambako na Njombe hadi Songea, halimwandikii mtu hata nusu maili. Meli nayo haihesabu mawimbi kati ya Mbamba Bay na Liuli, ingawa wapo wanaolipia kila wimbi kwa chai waliyokunywa asubuhi. Halafu, kabla hatujazoea kupanda ndege pale Songea, mashirika makubwa yakageuza kibao: tangu 2015 Delta na United huhesabu fedha uliyotoa, si njia uliyopita. Aliyelipa ghali ndiye aliyesafiri mbali, hata kama alikwenda kwa jirani.

Kuhusu thamani, wajuzi wana kanuni. Chukua nauli ya fedha taslimu, toa kodi na tozo ambazo utalipa hata ukiruka "bure", kisha gawanya kwa maili zinazotakiwa. Tuseme nauli ni shilingi 400,000, tozo 100,000 na maili 15,000: kila maili ni shilingi 20. Hesabu safi kabisa. Tatizo ni dogo tu: hiyo 400,000 usingeitoa hata kwa mtutu wa bunduki, ungepanda basi. Na kesho shirika likitaka maili 30,000 kwa kiti kilekile, shilingi 20 yako imekuwa 10, bila mnada, bila kikao cha chama cha msingi, bila hata tangazo redioni. Bei ya kahawa ikishuka hivyo, ofisi ya ushirika haikaliki. Maili zikishuka, mwenye nazo hujilaumu mwenyewe kwa kuchelewa kuzitumia. Ni mali gani nyingine iliyomlea mwenyewe kwa upole namna hii?

Hapo ndipo mkulima wa Mbinga anapaswa kuvua kofia. Sisi tuna magoma: mwenye njaa anauza kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa, na viongozi wametukemea hadi sauti zimekauka. Tazama sasa werevu wa wenzetu. Mwaka 2020, corona ilipofunga anga, United iliweka rehani mpango wake wa maili ikakopa dola bilioni 6.8, Delta ikafuata na bilioni 9. Wakopeshaji hawakuangalia ndege. Waliangalia fedha ambazo mabenki hutoa kununua maili ili yawagawie wateja wao wa kadi, yaani ahadi ya safari ambayo haijafanyika, ya mtu ambaye huenda asisafiri kamwe. Magoma ya namna hiyo hayakemewi na mkuu wa wilaya. Yanapigiwa makofi.

Kwa kuwa kanuni za wajuzi hazikunitosha, nilipeleka maili zangu kwa mnunuzi mmoja wa magoma hapa mjini, mtu anayeutazama mbuni ukiwa na maua akakutajia kilo. Aliishika simu kwa makini. Aliuliza zinavunwa mwezi gani. Nikasema inategemea kiti. Aliuliza kama anaweza kuja kuliona shamba. Nikasema liko kwenye kompyuta ya shirika. Aliuliza bei atapanga nani. Nikasema wenye shirika, siku hiyohiyo ya kuvuna, na kumhamishia yeye kuna ada. Alinirudishia simu kwa mikono miwili, akaniagizia chai, akasema yeye ana dhambi nyingi mjini hapa lakini hiyo hajaifikia.